Vita vya Elkanah Mng'oa-Magego na Kisanduku Kilichokataa Kumsifu

Sogeeni, enyi mliolelewa kwa habari za majemadari waliovuka milima na wafalme waliobomoa ngome. Yawekeni kando mambo hayo madogo, mtege masikio. Leo inasimuliwa habari ya mwanamume aliyesimama katika nyasi za Cato Manor, Durban, mbele ya kisanduku kisichozidi ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, akitaka dunia iamue nani kati yao wawili ni mwongo.

Mwanamume huyo ni Elkanah, Mkenya, daktari wa meno mwenye kliniki Pinetown. Mng'oa-Magego, Mtikisa-Mataya, ambaye mbele ya koleo lake makuli wenye vifua vya mafahali wamelia wakiwaita mama zao. Mkono huo uliong'oa magego ya nusu ya mji ule wa viwanda ndio ulioshika fimbo ya gofu kila Jumamosi. Na kwa miaka mingi, kanisani baada ya ibada, harusini kabla ya keki, na hata juu ya vinywa vya wagonjwa vilivyojaa pamba visiweze kubisha, Elkanah alitangaza kwamba mpira wake hupaa mita mia mbili na thelathini kabla ya kugusa ardhi. Hakuna aliyewahi kupima. Mkewe, Kemunto, kila alipoisikia hesabu hiyo alikumbuka kwamba ameacha chungu jikoni, hata siku ambazo jikoni hapakuwa na chungu.

Basi ikamwingia shujaa tamaa, ile iwaingiayo mashujaa wakiisha kushiba, tamaa ya ushahidi. Akashuka mtaa wa Albert Park kwa Peguy Mfufua-Simu, Mkongomani mwenye kiduka chini ya ghorofa refu, ambaye simu zilizotumbukia chooni hurudiwa na uhai mikononi mwake. Kwake akanunua kisanduku cha kupimia mapigo ya gofu. Kazi yake ni nyepesi: unakilaza nyuma ya mpira, unapiga, nacho hutuma kwenye simu kasi ya mpira, pembe ya kupaa, na umbali uliokwenda hewani hata kutua. Elkanah akakilaza. Akapiga. Kisanduku, bila aibu wala heshima kwa mtu wa makamo, kikasema mita mia moja arobaini na nane.

Akakizima na kukiwasha. Akakiondoa vumbi. Akakiombea. Kikarudia maneno yaleyale, kama shahidi asiyenunulika.

Ndipo ghadhabu ilipompanda Mtikisa-Mataya, akarudi Albert Park na kusimama mlangoni mwa duka, lililokuwa limejaa wateja, akanena kwa sauti iliyosikika hadi kwenye robot, zile taa za magari za njia panda:

"Peguy! Umeniuzia feki! Mimi nipige mia moja arobaini na nane? Mimi, bwana? Hata nikiwa na homa! Hata nikiwa nimefungwa mkono mmoja nyuma ya mgongo! Kitu hiki hakijui hesabu, na aliyekiuza hajui anachouza!"

Mama mmoja aliyekuwa amekwisha kuweka simu yake juu ya meza aliivuta taratibu, akairudisha mkobani, akatoka. Peguy alimwona. Katika maghorofa yale neno "feki" hupanda ngazi upesi kuliko lifti, ambazo nyingi, kusema kweli, zilikufa zamani. Akaweka chini bisibisi yake kama mtu awekaye ngao, akajibu polepole:

"Dokta, watu wananiachia simu zenye ziko na picha ya wazazi wao wenye walishakufa. Wananiachia kwa sababu wanajua Peguy hadanganye. Leo unakuja kuniua mbele ya watu? Bon. Twende inje. Tulaze mashine mu majani, upige, tupime chini na gurudumu. Kama mashine iko na uongo, miye mwenyewe nitasimama kanisani nitasema Peguy anauzisha feki. Kama iko ya kweli, basi, uniache nitengeneze simu."

"Jumamosi," akasema Elkanah.

"Jumamosi, sharp," akasema Peguy.

Ikapambazuka Jumamosi hiyo yenye jasho, kama zilivyo asubuhi za Durban, ambapo mtu hutoka bafuni akiwa tayari anahitaji kurudi bafuni. Mahali pa vita palikuwa viwanja viwili vya kandanda vilivyopakana Cato Manor, pasipo ua katikati, na ukuta mrefu mwishoni. Shujaa akajivika silaha zake: glavu nyeupe katika mkono wa kushoto, kofia yenye ukingo, viatu vya njumu, na mkanda aliojikaza hata pumzi ikaomba ruhusa. Akaichomoa fimbo yake kubwa kuliko zote, yenye kichwa mfano wa kiazi kitamu, akaipunga mara kadhaa hewani, kunguru wakahama.

Hakimu alikuwa Henriette, mke wa Peguy, Msuka-Nywele, mwenye saluni. Pande zote mbili zilimkubali kwa kuwa hajapata kumwambia mteja amependeza ilhali hakupendeza, na saluni haijafungwa. Alichukua vijiti alivyovifunga nywele bandia za rangi ya waridi, akaenda kusimama mbali, pembeni, ili kila mpira utakapotua achomeke kijiti mahali ulipogusa kwanza, kwani kisanduku kilipima kuruka, si kuviringika. Peguy alikilaza kisanduku nyuma ya mpira, akakinyoosha kuelekea goli la mbali. Wakangoja mpaka upepo wa baharini ulipotulia, maana Elkanah alikwisha kuuweka akiba kama kisingizio.

Pigo la kwanza likalia. Mpira ukapaa, ukapinda kidogo kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ukatua. Kisanduku: mia moja arobaini na sita. Peguy akasukuma gurudumu la kupimia barabara, aliloazima kwa fundi wa manispaa, hadi kwenye kijiti cha waridi. Mia moja arobaini na saba.

"Gurudumu hili umelisukuma wewe," akanena Elkanah. "Nitalisukuma mwenyewe."

Akapiga tena, akalisukuma mwenyewe, kwa hatua za kifalme. Kisanduku kilisema mia moja na hamsini. Gurudumu likasema vivyo hivyo, bila kuona haya. Elkanah akashtaki nyasi. Akashtaki mteremko, ambao haukuwepo. Akashtaki mpira, kwamba ulikuwa baridi, na jua lilikuwa likichoma visogo vyao.

"Papa Elkanah!" Henriette akapaza sauti kutoka mbali. "Piga ya mwisho! Miye niko na vichwa vinaningoja saluni!"

Hapo Mng'oa-Magego akakusanya kila alichokuwa nacho: chakula cha asubuhi, jina la ukoo, wagonjwa wote waliomsikiliza midomo wazi. Akaizungusha fimbo hata mishono ya suruali ikalalamika. Mpira ukaondoka kwa mlio mtamu kuliko yote iliyotangulia. Katika nukta hiyohiyo Peguy aliinama juu ya simu, mikono yake ikiukinga mwanga ili asome. Na Henriette alikuwa ameipa mgongo nyasi yote, akimwambia mteja wake Diane kwenye simu kwamba hapana, rangi ile haitamfaa.

Elkanah peke yake ndiye aliyeona. Aliuona mpira ukitua karibu na vijiti vya waridi, hatua chache tu mbele yavyo. Na akaona tumbili dume akishuka ukutani kwa mwendo wa mwenye nyumba, akaja, akauokota mpira, akautia mdomoni, akakimbia nao hadi goli la mbali. Akaketi. Akauuma. Uso wake ukajaa masikitiko ya mnunuzi aliyepunjwa. Akautupa, akaruka ukuta, akaenda zake.

"Mia moja hamsini na moja," Peguy akasoma.

Henriette akakata simu, akatafuta, akatafuta tena, akazidi kwenda mbele. Kisha kikasikika kilio chake:

"Eeeh! Iko huku! Papa Elkanah, iko mbali sana!"

Akachomeka kijiti. Peguy akasukuma gurudumu, akaipita ile waridi ya kwanza na ya pili, akaendelea, na kila mzunguko mabega yake yakashuka. Alipofika akasoma, akafuta kioo cha gurudumu kwa kidole, akasoma tena. Mia mbili thelathini na moja.

Tazameni sasa! Hesabu iliyotangazwa makanisani imefika kwa miguu yake, na gurudumu la manispaa, na hakimu asiyependelea. Elkanah alifungua kinywa apokee ushindi. Hotuba ilikuwa tayari. Ilikuwa tayari kwa miaka.

Peguy alirudi alipokilaza kisanduku, akakiokota, akakipangusa majani kwa upindo wa shati lake, akakirudisha ndani ya boksi lake na kufunga kifuniko polepole, kama mtu anayefunika uso wa ndugu.

"Ni sawa, Dokta," akasema. "Kesho kanisani nitasema."

"Na duka?" akauliza Henriette, aliyekuwa amewasili akihema, mpira mkononi.

"Nitasema tu. Nilitoa neno."

Ndani ya kifua cha Elkanah vikapiganwa vita ambavyo hakuna jeshi lililowahi kuvitamani. Upande mmoja alisimama mtu wa mia mbili na thelathini, kofia imenyooka. Upande wa pili palikuwa na mikono ya Peguy juu ya kile kifuniko. Jasho likamtiririka. Akajaribu kukohoa. Akatazama ukuta.

"Tumbili," akasema.

"Nini?"

"Tumbili aliuchukua. Ulitua kule nyuma. Mimi nimemwona."

Henriette akaugeuza mpira kiganjani. Pembeni mwake palikuwa na shimo. Elkanah akaupokea, na kwa huzuni ya mtaalamu akauinua kwenye jua. "Chonge ya juu, upande wa kulia," akanena. "Nzima kabisa. Pinetown nzima hakuna chonge kama hii."

Akawaongoza mahali mpira ulipogusa, pakiwa na kidonda kidogo katika nyasi, akasukuma gurudumu kwa mkono wake. Kisha akanyoosha mgongo, Mtikisa-Mataya, akatamka mbele ya mashahidi wawili, kwa sauti ambayo haikutetemeka ila mwishoni:

"Mia moja hamsini na mbili."

Peguy alimtazama. Kicheko kikaanza tumboni mwake, kikapanda. "Dokta, mashine imekuibia mita moja!"

"Imeniibia," Elkanah akakubali, akiipokea mita hiyo moja kwa mikono miwili. "Hiyo siisamehi."

Vijana wa kandanda walikuwa wameanza kumiminika uwanjani. Hawakuleta tarumbeta wala mashada. "Eish, madala, nyie wazee, tokeni!" wakapiga kelele, nao watatu wakakusanya vijiti vyao vya waridi, wakatoka.

Hivyo ndivyo ilivyoanguka ngome ya mia mbili na thelathini, pasipo damu, pasipo mateka, mkuu wake akifungua lango mwenyewe na kutaja jina la tumbili. Vizazi vijavyo na viisome siku hiyo vikiwa vimesimama. Walimwengu wa siku ile, waliokuwa wakifua nguo na kungoja taxi, hawakugundua kitu.