Ngoma ya Bagalu Ndani ya Televisheni ya Bernadeta

Jumatatu, 4 Mei 1998

Rose, kama unasoma hapa basi umefika, na umechelewa. Krismasi mbili hukuonekana. Tabora si Ulaya. Treni inakuja mpaka hapa mjini, kazi yako ni kupanda tu. Usianze na habari za zamu hospitalini, hao wagonjwa hawakukuzaa. Kaa, kula, kisha usome mambo ya mwanao.

Dorcas amerudi kutoka chuo cha kompyuta Nairobi. Amekonda, nimeshaanza kumshughulikia. Amekuja na kompyuta na kimashine cheusi alichopewa na mwalimu wake. Ni mashine ya gemu, kama zile wanazocheza vijana dukani kwa Rahim kule Mabatini, ila hii inakubali gemu uliyoitunga mwenyewe. Nimemwelewa hivi: kompyuta ni jiko, waya ni mpakuaji, kimashine ni sahani, televisheni ni mlaji. Anasema si hivyo hasa. Ni hivyo.

Gemu yake ni ngoma zetu za mashindano. Bagalu, kundi letu, upande huu, Bagika upande ule, wanacheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wanakimbilia kule wanakoona utamu. Mwenye watu wengi ameshinda. Kama uwanjani kabisa.

Sasa jambo lenyewe. Dar wamemwita kazini. Jumamosi Rahim anakuja kuiangalia gemu. Akiipenda, atampa chumba cha nyuma ya duka afanyie kazi, na mtoto anabaki Mwanza. Asipoipenda, Jumatatu ijayo Dorcas anapanda treni. Rahim ataipenda. Nimeingia kazini.

Jumanne, 5 Mei

Vumbi la Igogo halina adabu. Nimefunika kila kitu kwa vitambaa vyangu vya kufuma, vile vya maua ya njano. Sebule ikawa kama ya padri. Dorcas akawasha, kimashine kikapata joto, kikazimika. Kumbe kinapumulia matundu ya juu, na matundu yalikuwa chini ya maua.

Akaniambia taratibu kwamba hiki hakifunikwi. Nikamwambia redio ya babu yake ilifunikwa miaka yote, na imeishi kuliko babu yake. Akacheka, akakunja kitambaa akakiweka kabatini. Alipokwenda kuoga nilikirudisha. Kidogo tu, pembeni.

Jumatano, 6 Mei

Kitambaa kimeondolewa tena.

Tatizo jipya. Bagalu wamevaa nyekundu, Bagika buluu, lakini televisheni yetu haina rangi. Wote kijivu. Huwezi kujua umshangilie nani. Yenye rangi karibu hapa ni ya jirani yangu Bernadeta tu, na Bernadeta ni Bagika tangu tumboni mwa mama yake. Mpaka leo ananitajia ule mwaka walipoleta fisi hai mwenye kamba shingoni, watazamaji wetu wote wakahamia kwao, tukabaki tunachezea mbuzi wawili na mlevi.

Nilipanga vizuri. Nikamwambia padri anapita kwangu kubariki televisheni za mtaa, alete yake. Akajibu kwamba baraka za padri wetu zinavuka uzio, yake itabarikiwa ikiwa hapo hapo ilipo. Mwanamke huyu ana roho ngumu.

Dorcas akaenda mwenyewe. Akampa shikamoo, akaomba bila hadithi yoyote. Akapewa. Ila Bernadeta amekuja nayo. Anakaa pembeni yake kama shangazi aliyesindikiza bibi harusi, na chai yangu anakunywa.

Alhamisi, 7 Mei

Imecheza! Picha ipo, ngoma ipo, wale wachezaji wadogo wanarusha miguu. Asubuhi yote ilikuwa vita na mkalimani. Ndani ya kompyuta kuna mkalimani anayegeuza maandishi ya Dorcas yawe lugha ya kimashine. Ni mkali kuliko katekista. Nukta moja ikisahaulika, anakataa kazi nzima.

Mchana wamecheza Dorcas na Bernadeta. Bernadeta akashika Bagika. Akashinda. Akashinda tena. Akaniuliza kama fisi yule nimemkumbuka.

Nikamvuta Dorcas jikoni. Nikamwambia Rahim mama yake ni wa kwetu, Bagalu, hatafurahia kuona Bagalu wakipigwa, kwa hiyo atutilie dawa kidogo mle ndani. Uwanjani kila manju, yule kiongozi wa ngoma, ana dawa yake ya kuvuta watu, hata wanaokwenda misa. Dorcas akakataa. Anasema gemu yenye dawa haichezwi mara ya pili. Tena akanionyesha kwenye kioo: hapa ndipo watazamaji wanapohesabiwa, arobaini kila upande, na haongezi, kwa sababu kimashine kina pumzi ndogo, watu wakizidi kinachoka.

Nimeona pale. Mimi sikukaa darasani, herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima. Lakini namba nilizijua sokoni nikiuza dagaa, na sifuri naijua vizuri sana.

Ijumaa, 8 Mei

Dorcas alikwenda Mabatini kumkumbusha Rahim. Bernadeta alikuwa amesinzia kwenye kiti changu.

Kwa kidole kimoja. Bagalu tu. Arobaini ikaongezewa sifuri, halafu nikaona sifuri moja ni uchoyo. Nikabonyeza wanapobonyeza kuhifadhi. Yule mkalimani aliyetupigia kelele jana kwa nukta hakuguna hata kidogo. Amekubali. Nimechukulia ni ishara.

Dorcas aliporudi nilikuwa nachambua mchele.

Jumamosi, 9 Mei

Rahim alifika, mtu wa heshima, amevua viatu mlangoni. Nikampa sambusa na kiti kizuri. Dorcas akawasha.

Watazamaji wetu wakaanza kuingia. Wakaingia. Wakaendelea kuingia. Walijaza uwanja, wakawafunika Bagika, wakawafunika Bagalu wenyewe. Ngoma ikapungua mwendo, mguu ukapanda juu kama unapanda kilima cha Bugando. Kisha mguu ukabaki juu. Kila kitu kikasimama.

Bernadeta akauliza kama huo ni mchezo au ni picha ya ukutani.

Rahim akasubiri kwa adabu. Dorcas akazima, akawasha, wakajaa tena. Rahim akasema mwanangu, umejitahidi, ila wateja wangu hawana subira, na chumba kile kuna mwenye mashine ya kutolea kopi anakitaka. Akamaliza sambusa. Akaondoka.

Jumapili, 10 Mei

Baada ya misa Dorcas alikaa na kompyuta yake. Akaangalia pale pale. Hakupandisha sauti. Akasema, Bibi, umenipeleka Dar wewe mwenyewe.

Nikamwambia ale, chakula kinapoa. Akala. Akafuta sifuri mbili, mkalimani akakubali, gemu ikacheza safi kama maji. Tukamwita Rahim. Alishampa yule wa kopi funguo.

Jioni Dorcas alicheza na mimi. Nilishika Bagalu, nikashinda moja bila dawa yoyote. Bernadeta anasema mtoto aliniachia makusudi. Najua aliniachia. Nimeiandika kama ushindi.

Jumatatu, 11 Mei

Ameondoka. Nimemfungia samaki wa kukaanga, viazi, na kitambaa cha maua ya njano, aweke popote anapotaka. Kompyuta ameipakata. Bernadeta alikuja stesheni, akalia kunizidi, kwa makusudi.

Sebule ni kubwa mno. Televisheni Bernadeta ameirudisha kwake.

Nimekaa nikafikiri kosa lilikuwa wapi, na nimeliona. Kuongeza watu wetu kunachosha mashine. Ilitakiwa kupunguza wao. Arobaini ya Bagika unafuta sifuri, wanabaki wanne, kimashine kinapumua na hakuna anayejua. Rahim angekuwa wetu.

Kwa hiyo, Rose, safari ijayo usije peke yako. Njoo na Dorcas mwezi wa saba, ngoma zikianza, abebe kompyuta na kimashine chake. Ukifika, mchukue yeye na Bernadeta mwende sokoni, na mchelewe kurudi.