Kilango cha Moto cha Chumba cha Kufulia

Jumatatu, 3 Machi. Iloilo.

Namshukuru Mungu kwa bosi mvivu. Leo ametugawia kazi ya mabomba ya hewa katika nyumba ya wazee ya masista bila hata kushuka garini. Ghorofa ya juu, Rosendo. Ya chini, mimi Teodulo. Atakayetangulia kumaliza, na kwa usafi, ndiye fomeni wa hoteli mpya ya ufukweni. Rosendo ni kaka wa mke wangu. Mtu mwema, lakini mzito kama gunia la saruji iliyolowa. Nimeshaanza kumwonea huruma.

Kila bomba linapopenya ukuta panatakiwa kilango cha moto. Ni mabamba ya chuma yanayojifunga yenyewe pakiwaka, moto usije ukasafiri ndani ya bomba kama abiria. Kikae ndani ya ukuta wenyewe. Maana yake utoboe tundu pana, uache nafasi ya chuma kutanuka, ukibane kwa vyuma vya pembe huku na huku. Vumbi mpaka kwenye meno! Nimeona njia fupi. Nitakifunga ndani ya bomba, pembeni kidogo ya ukuta, mahali ngazi inaposimama vizuri. Kilango ni kilekile. Dari likishafungwa, nani ataona?

Jumanne, 4 Machi

Upande wa mashariki nimeumaliza wote. Rosendo bado anagonga tindo kwenye ukuta wake wa kwanza. Mchana alishuka, mweupe kwa vumbi hadi kope, akanimegea nusu ya samaki wake. Namshukuru kwa dhati, maana mke wangu amenifungia wali mtupu. (Tumegombana. Kosa lake.) Rosendo akatazama juu, akatafuna, akatazama tena.

"Shemeji, kilango chako kimekaa nje ya ukuta."

Nikamwambia kipo jirani na ukuta.

"Moto ukiwaka bomba litalegea lianguke. Litaanguka nacho. Ukuta utabaki na tundu, na moto upite."

Nikamshukuru tena kwa samaki. Ni wivu tu huo.

Jumatano, 5 Machi. Jumatano ya Majivu.

Niliwanunulia mafundi wa dari supu ya tambi yenye maini ya nguruwe, bakuli kubwa kila mmoja, ili waanze na dari langu. Wakaja na misalaba ya majivu kwenye paji la uso. Nilisahau ni siku ya kutokula nyama! Hakuna aliyegusa. Wakanitazama kama niliyewatega. Nimekula mwenyewe, bakuli zote, na sasa tumbo na dhamiri vinanguruma pamoja.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Sista Eskolastika, mkuu wa nyumba, alichoka vumbi linalowaangukia wazee wake, akaamuru dari la chini lifungwe leo leo. Shukrani nyingi. Kisha akauliza mkaguzi ataingilia wapi kutazama vilango. Swali la hatari. Nikakata kidirisha kidogo darini, nikakitia kishikio cha shaba. Ukikifungua unaona bati la bomba, basi. Sista alikipenda kishikio.

Mama mkwe amesema kimekaa upande. Anakuja hapa kila siku kukunja shuka, halafu anakaa na mabibi katika chumba kinachopakana na cha kufulia. Sijui amenipendea nini mwanamke huyu. Nadhani hajanipenda.

Ijumaa, 7 Machi

Jana nilikuwa na homa. Yaani nilikwenda kununua kofia nyeupe ya fomeni. Inanikaa vizuri sana.

Leo nimesikia kwamba jana Rosendo alishinda kwenye ghorofa yangu "akirekebisha kitu kidogo". Darini, juu ya chumba cha kufulia, rangi bado mbichi. Namshukuru kwa kupoteza siku nzima! Mimi nimemaliza, yeye bado. Bosi amenipa mkono kupitia dirisha la gari. Rosendo akaniuliza kama homa imeshuka. Nikakohoa.

Jumatatu, 10 Machi

Nguo bado zinanuka moshi. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi mashine ya kukaushia nguo ilishika moto. Nyuzi zilijazana nyuma yake, kisha shuka zikawaka. Nilikuwa uani na kofia yangu. Nikaona moshi mweusi ukitoka dirishani, na papo hapo nikaliona lile bomba akilini, linavyotoka chumba cha kufulia na kupenya ukuta kwenda kwa mabibi. Wengine hawatembei. Na kilango nilikiweka mimi, najua nilikiweka wapi.

Nilikimbia. Kofia ilianguka, sikuiokota. Nilikuwa nikiita "Mama! Mama!", bila mkwe, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Nikausukuma mlango. Wamekaa wanasali rozari. Hewa safi. Mama mkwe akaniambia nipunguze kelele, wako fumbo la tatu.

Rosendo akafika nyuma yangu. Tukawabeba mabibi na viti vyao mpaka uani. Mama mkwe alikataa kubebwa na mimi.

Zimamoto walipomaliza wakabomoa dari. Upande wa kufulia bomba lilikuwa sakafuni, limekunjamana. Kilango kilibaki juu, ndani ya ukuta, mabamba yamefumba kabisa. Ndani ya ukuta! Nikamgeukia Rosendo.

"Siku ile ya homa yako," alisema.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungebishana mpaka jioni. Na mama anakaa chumba kile."

Nilikwenda chooni nikalia, na sioni aibu kuandika. Niliporudi, Sista aliniita mbele ya wote akanishukuru kwa kazi njema, maana ghorofa ya chini ni yangu. Nikafungua mdomo. Rosendo akaanza kupiga makofi. Nikainama.

Usiku mama mkwe ameniwekea kichwa cha samaki kwenye sahani. Siku zote ni cha Rosendo. Ee Mungu, asante kwa shemeji huyu. Nimeapa mbele ya sahani ile kwamba njia za mkato basi.

Jumanne, 11 Machi

Nimetimiza kiapo. Tangu alfajiri nimegonga tindo na Rosendo, bega kwa bega, vumbi mpaka kwenye meno. Vilango vyangu vyote vilivyobaki tumevihamishia ndani ya ukuta, vyuma vya pembe huku na huku, nafasi ya kutanuka, kila kitu. Bosi alipoona tunavihamisha, amempa Rosendo hoteli. Sikuumia. Nilimkumbatia. Kofia nyeupe nimempa yeye, ingawa inambana.

Lakini asante ya mdomo haitoshi kwa mtu kama huyu. Nikafikiri sana. Kila kilango kina kipande kidogo cha madini laini kinachoshikilia mabamba yakae wazi. Joto likizidi, kipande kinayeyuka na mabamba yanajifunga. Kile cha chumba cha kufulia kimeyeyuka chote, na sasa maskini Rosendo anatakiwa atafute kingine mjini na kupanda ngazi tena, na mgongo wake ule.

Basi alipokwenda kula nilipanda mimi. Nimeviondoa vipande vile dhaifu kwenye vilango vyote, nikafunga waya. Waya mnene, wa chuma kitupu. Huo hauyeyuki hata nyumba nzima iwake. Shemeji yangu hatapanda ngazi tena maisha yake yote.

Kesho nitamwambia. Natamani kuuona uso wake.