Wazima Moto Ni Wamoja

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Siwezi kukaa. Nazunguka sebule tangu asubuhi. Régine, mke wangu, karudi kutoka zamu ya usiku hospitalini kule Jette, kanitazama, kasema, "Crispin, ikala chini, unanichokesha macho." Nikaketi. Nikasimama.

Sababu ni Noé, mdogo wake. Ni zimamoto wa mkoa. Wiki iliyopita nyika iliwaka mashariki mwa nchi. Noé alivuta mpira wa maji bega kwa bega na Otieno, yule Mkenya wa ghorofa ya chini, zimamoto wa shirikisho. Moshi uleule! Kikohozi kilekile! Lakini mshahara wa Otieno ni mnono, na akistaafu atakula pensheni ya jogoo. Noé atadonoa ya kifaranga. Nimesoma mapinduzi yote makubwa. Mengine yalianzishwa na jambo dogo kuliko hili.

Jumanne, 5 Agosti
Noé kaja. Ameomba kuhamia shirikisho. Nafasi ni moja tu. Wakuu watamwona Ijumaa, kituoni kwake. Magoti yake yamekwisha. Akiikosa atapanda ngazi za kuzimia moto mpaka uzee. Kanishika mikono yote miwili: "Shemeji, siku ile usifanye kitu. Hata kitu kidogo."

Nimemwahidi. Kitu kidogo sitafanya.

Jumatano, 6 Agosti
Bango! Refu kama ukuta! Kwa lugha gani? Kifaransa, Waflemi wa kaskazini watanuna. Kiholanzi, Wawaloni wa kusini watanuna. Kiswahili hakijamkosea mtu katika nchi hii. Ndicho kitakachowaunganisha.

Nikampigia Mignonne, mwenye duka la mabango kule Matonge, mtaa wetu Wakongo, lililobanwa katikati ya saluni mbili. Nikamtamkia: WAZIMA MOTO NI WAMOJA, PENSHENI IWE MOJA! Akaniomba nimwandikie ujumbe, "Tonton, mjomba wangu, hapa makelele ni mingi." Nikakataa. Mtu wa hoja hachapi kwa kidole gumba.

Kwenye ngazi, Otieno. Kauliza mbona natoka jasho, eti "relax, mzee". Nikamwambia ana kitu ile ya mabwanyenye, kiburi. Akanisahihisha: kitu kile! Yeye, anayesema "niko na form" badala ya "nina mpango"! Nitamkumbuka.

Ijumaa, 8 Agosti
Nikawahi kituoni kabla ya wakuu. Nikafunga bango kwenye uzio, mafundo ya kufa mtu. Nikarudi nyuma kulifurahia.

WAZIMU MOTO NI WAMOJA.

Wazimu! Nikampigia Mignonne nikiunguruma. "Mais tonton, nilisikia wazimu. Nikasema, bon, tonton anajijua."

Nikavamia mafundo. Hayakufunguka. Magari yakaingia. Mkuu wa shirikisho akashuka, akalitazama, akauliza linasema nini. Uwanja mzima, ukiniondoa mimi na Noé, mwenye kulisoma alikuwa Otieno tu, aliyekuja kama msaidizi wake. Noé akafumba macho. Otieno akasoma. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikangojea kisu.

Akajibu kwa Kifaransa safi kwamba linasema: karibuni ndugu, moto wetu ni mmoja.

Mkuu akaweka mkono kifuani. Kisha akakunja uso. Hiyo "pensheni", akauliza, si ni pension? Hapana, akasema Otieno, bila kupepesa. Kwetu pensheni ni upendo wa ndugu.

Mkuu akapiga picha mbele ya bango, mkono begani kwa Noé.

Jumamosi, 9 Agosti
Noé kaipata! Anaanza Jumatatu. Régine anapika sombe, majani ya muhogo ya kwetu, na kuimba. Otieno amekalia kiti changu, ananiita "mzee wazimu", na wote wanacheka. Noé kaniambia kwamba hajalala vizuri hivi tangu alipojiunga na zimamoto. Kisha akanishukuru kwa kutofanya kitu kingine. Nikatabasamu.

Lakini sikuweza kukaa. Mkuu ameliomba bango langu! Atalitundika ofisini! Hoja yangu, kilio cha kila zimamoto wa mkoa aliyebaki nyuma na magoti yake, imegeuzwa kadi ya salamu. Upendo wa ndugu! Na Noé, je, aingie kazini kwa tafsiri ya uongo? Heshima yake iko wapi? Lazima mtu aitetee.

Nikatoka na simu, nikasimama barazani, nikampigia Mignonne. Bango jipya, refu mara mbili, Jumatatu asubuhi, mbele ya lango la shirikisho. Safari hii Kifaransa, ili Otieno asihitajike. Litaeleza bango la kwanza lilimaanisha nini hasa, neno kwa neno, na nani alimdanganya mkuu, na kwa faida ya nani.

Akanisihi: tonton, mara hii uandike. Nikamjibu kwamba kosa lilitoka masikioni mwake, si kinywani mwangu. Nikamtamkia yote, taratibu. Upande wake mashine za kukaushia nywele zilikuwa zikinguruma.

Amesema amesikia kila kitu.