Mashine Inayokunywa Unyevu

Mtu mwenye kiyoyozi ndani, halafu anakaa barazani akijipepea kwa gazeti, ana ugonjwa mmoja tu, nao ni ubahili. Baridi aliutambua ugonjwa huo akiwa bado ng'ambo ya barabara.

Baridi lilikuwa jina la kazi. Alikuwa fundi wa viyoyozi, kwa maana kwamba alikuwa na ovaroli yenye mifuko mingi na katika kila mfuko kilichomoza kitu kinachong'aa. Ulimi ndio uliofanya kazi; spana ziliusindikiza tu. Asubuhi hiyo alikuwa pabaya. Alikuwa amemuuzia mwenye bucha mashine ya nje ya kiyoyozi, yenye nguvu, ya kupoza chumba cha nyama. Malipo ya kwanza alishayala. Mashine hakuwa nayo. Mwenye bucha aliutaka mzigo wake siku hiyo hiyo, na mwenye bucha si mtu wa kumwendea na maneno matamu huku ameshika kisu.

Sasa hii hapa: nyumba ya kona, na nyuma yake, juu ya vyuma viwili ukutani, mashine pana, mpya, imezimwa. Mwenyewe alikuwa dalali wa mahakama aliyestaafu, mtu aliyetumia ujana wake kutoa makochi ya watu nje. Alikuwa akivuja jasho hadi gazeti limelowa.

"Shikamoo mzee. Mashine imekufa?"

"Marahaba. Haijafa. Inakula umeme kama ina mimba."

"Hujaiboresha?"

"Kuboresha nini?"

Baridi akatikisa kichwa kwa huruma, kama aliyepewa habari za msiba. Akapitisha kidole ukutani, akakiinua kikiwa kimelowa. "Mzee, unyevu wote huu, na bado unanunua umeme?"

"Viatu vinaota ukungu kabatini," akasema mke wa Dalali kutoka mlangoni. "Juzi nimefua shuka, mpaka leo linanuka chura."

"Mama, mmekalia utajiri. Siku hizi mashine inabadilishwa tumbo. Ikishabadilishwa haigusi umeme tena, inakunywa unyevu. Hewa ikizidi kuwa nzito, ndiyo inazidi kupiga kazi."

"Na gharama?" Dalali akauliza.

"Leo sichukui kitu. Ukiridhika utanilipa."

Mtu mwenye akili timamu angekuwa na maswali mengi hapo. Dalali alikuwa nalo moja. Aliangalia kulia na kushoto, akashusha sauti. "Jirani naye akiboresha, unyevu utatutosha wote?"

"Ndiyo maana nimeanzia kwako, mzee."

"Basi anza. Na huyo jirani usimsalimie hata kidogo."

Baridi akaenda kumwita shemeji yake, kaka wa mke wake, aliyekuwa akisubiri na mkokoteni nyuma ya kona. Shemeji ndiye aliyebeba vyuma, aliyepanda kuta, aliyechanika mikono. Kila mzigo ulipouzwa Baridi alimpa hela ya chai na kumpigapiga begani, akiita hiyo ni kugawana.

Mpango ulikuwa mwepesi. Sebule ilikuwa na milango miwili, mmoja wa barazani, mwingine wa uani. Baridi angejifungia ndani agongegonge vyuma ili wenyewe wabaki barazani wakisikiliza. Shemeji naye angeifungua mashine kule uani, akishaipakia Baridi atoke kwa mlango wa nyuma, na wote wawili wapotelee mjini.

"Sikilizeni kwa makini," Baridi akawaambia mume na mke. "Chumba lazima kizibwe. Mama, bandika selotepu mlango mzima, hata tundu la ufunguo. Mtasikia vishindo. Mtasikia hata sauti kama ya mtu analia. Msifungue! Huo ni unyevu wa zamani unatoka ukutani. Mkifungua, mashine itashtuka, na ikishashtuka hairudi."

"Na wewe huko ndani?" mke wa Dalali akauliza.

"Mimi nimezoea, mama."

Mlango ukazibwa vizuri. Mke wa Dalali alikuwa na bidii, akaziba hadi madirisha. Ndani, Baridi akagonga spana kwenye kiti, akagonga tena, akaimba kidogo. Ovaroli ikamganda mgongoni. Aliposikia mashine ikishushwa uani na Dalali akikohoa kama anayetaka kuzunguka nyumba, akapeleka mdomo kwenye upenyo wa mlango wa nyuma.

"Shemeji, funga haraka!"

Alimaanisha funga mzigo kwa kamba. Shemeji akafunga mlango. Komeo la nje likaingia kwa kishindo, kisha magurudumu ya mkokoteni yakasikika yakienda, bila pupa, kama ya mtu aliyemaliza kazi aliyoagizwa.

"Shemeji! We shemeji! Nimesema mzigo!"

Magurudumu yakazidi kufifia.

Sebule iliyozibwa, hewa nzito, paa la bati juu, na kiyoyozi ukutani kisicho na mwenzake nje. Baridi alianza kwa kunong'ona. Akafuata kugonga. Mwisho akaacha heshima zote.

"Nifungulieni! Nakufa jamani!"

Barazani Dalali akatabasamu. "Unasikia, mama watoto? Unyevu unatoka."

"Ulikuwa mwingi maskini."

"Ni mimi! Ni fundi!"

"Hata sauti yake umeiga," Dalali akasema kwa kustaajabu. "Ona teknolojia."

Baridi alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, halafu akanyamaza. Mke wa Dalali akaona basi, mashine imeiva. Akabandua selotepu. Kilichotoka hakikuwa baridi. Kilikuwa mvuke, na nyuma yake fundi, akitambaa, ovaroli imebaki ndani, amevaa kaptula tu.

Dalali akaingia, akatoka mbio. Akazunguka uani. Vyuma viwili vilikuwa vitupu.

"Niite polisi?" mkewe akauliza.

"Wa nini? Watakula wao, mimi nibaki na joto." Akamtazama Baridi kwa jicho la zamani, jicho lililokuwa likiingia nyumba za watu na kujua papo hapo kochi lipi litauzika. "Kwako unalala na nini?"

Baridi akataka kusema anajipepea. Lakini hakuna fundi anayejisifia baridi mitaani kote akalala na joto, na Dalali alijua.

Wakaenda kwa Baridi kwa miguu, yeye mbele na kaptula yake. Mkewe Baridi hakuwepo, na hilo alilihesabu kuwa ndiyo bahati yake pekee ya siku ile. Akaifungua mashine yake ya nje, ile aliyoipenda kuliko ndugu zake, akaibeba kichwani hadi nyumba ya kona, mtungi wa gesi na sanduku la spana vikining'inia mkono mmoja. Dalali alimfuata akiwa na mwavuli.

Akapanda ngazi. Kwa mara ya kwanza tangu avae ovaroli, alikaza kila nati, akaunga kila bomba, akajaza gesi kweli, kwa sababu chini yake alisimama mtu aliyeshika miguu ya ngazi kwa namna isiyoeleweka kama anaizuia au anasubiri kuitikisa. Mashine ikanguruma. Ndani, mke wa Dalali akapiga kigelegele.

"Inakunywa unyevu?" akauliza.

"Inakula umeme, mama," akasema Baridi kwa sauti ya kichovu. Ukweli ulimtoka kama jino.

Simu ikalia. Ilikuwa chini, juu ya sanduku la spana. Dalali akaiokota, akabonyeza spika, akaiinua juu kumwelekezea.

"Shemeji!" ilikuwa sauti ya furaha, na nyuma yake kelele za mtaani. "Mwenye bucha ameridhika, kalipa yote, usijali, nitakupa ya chai. Sasa anataka nyingine. Nikasema ile ya kwako inalala bure mchana kutwa, na dada nimempigia simu, kakubali, hata yeye inampa mafua. Ndiyo nimefika hapa kwako na mkokoteni."

Baridi akafumba macho.

"Lakini shemeji, hapa ukutani naona vyuma vitupu," sauti ikaendelea, sasa ikiwa na uchungu wa mtu aliyeonewa. "Watu wa mji huu hawana utu hata kidogo. Kuna mwizi katutangulia!"

"Mwambie aje," Dalali akasema taratibu. "Aje na mkokoteni, na hela aliyobakiza ya bucha."