Vidole na Suti ya Ukweni

Suti ile ya rangi ya majivu ilitundikwa kwenye kona ya duka la fundi cherehani, na Vidole alipoiona tu alijua ni yake. Kilichobaki ni kumfahamisha mwenye duka.

Tuelewane: Vidole hakuwahi kuiba maishani mwake. Watu ndio humpa. Lakini Jumamosi alikuwa anakwenda ukweni kujitambulisha, na safari hii hakuwa na utani, maana binti alimpenda kweli, naye alimpenda binti mpaka chakula hakipiti. Tatizo lilikuwa dogo tu: alimwambia yeye ni mhandisi. Baba mtu alishaapa kwamba hamwozeshi binti yake kwa mtu wa vijiweni, na shati la Vidole lilikuwa limechakaa kola.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unashonesha au unarekebisha?"

"Nakupumzisha tu, mama yangu. Hebu chagua karata moja."

Karata zenyewe zilikuwa na lao jambo. Kila moja alikuwa ameipunguza kwa wembe, upande mmoja ukawa mwembamba kuliko mwingine, tofauti ya unywele. Wewe ukichomoa yako na kuitumbulia macho, yeye anazigeuza zilizobaki kimyakimya. Ukiirudisha, yako imekaa kinyume na wenzake, kingo zimejitokeza. Azichanganye atakavyo, vidole vitaipapasa na kuitoa.

Mama fundi alichagua nane ya kopa. Nane ya kopa ikatoka.

"Salaale!" wakasema wateja kwenye benchi.

"Sasa tuweke kitu," akasema Vidole, akiivua saa yake ya dhahabu, ambayo dhahabu yake ilikuwa imeanza kubanduka, ila kwa chini. "Nikikosea, saa yako. Nikipatia, naondoka na ile suti. Jumamosi nakwenda ukweni."

"Mwenyewe hajaifuata mwaka wa pili huu," akasema mama fundi, akiikodolea saa macho na kumeza mate. Tamaa jamani! Vidole alimwonea huruma, huruma ileile ambayo mwenye bucha humwonea ng'ombe.

Mama akachomoa karata. Akaitazama. Akapitisha kidole gumba ukingo mmoja, akapitisha na wa pili, taratibu, kisha akairudisha. Vidole akachanganya, akapapasa, akaitoa.

"Ree ya shupaza!"

"Uuwi, nimekwisha!" Mama fundi akajipiga paji la uso. "Umeniweza, mwanangu. Ila huwezi kuivaa hivi, mwenyewe alikuwa na kitambi. Niachie nikupunguzie kiuno na mikono, uje kesho jioni. Bure kabisa, zawadi yangu ya ukweni."

Bure! Vidole alitoka dukani akimshukuru Mungu kwa kuumba watu wema, maana bila wao watu kama yeye wangekula nini?

Jumamosi, sebuleni kwa wakwe, suti ilimkaa ikakalika. Mchumba alisimama karibu na pazia akitabasamu. Baba mtu, mzee wa maneno machache, akakohoa.

"Umejenga madaraja mangapi, mhandisi?"

 Mkono ukaingia mfukoni wenyewe.

"Kabla ya madaraja, baba, chagua karata moja."

Mzee akachagua, akarudisha. Vidole akachanganya kwa madaha, akainua mkono juu kwa mbwembwe zote alizojaliwa. Trrr! Mkono wa koti ukaachana na bega, ukateleza, ukatua mezani kando ya glasi za sharubati. Ndani yake kilibandikwa kwa pini kikaratasi, kama mafundi wanavyoweka kwenye nguo za wateja.

Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Kifua, inchi thelathini na nane. Mkono, ishirini na nne. Nimeifumua yote nikaipiga bandi tu, sikuishona." Akakigeuza. "Ndugu wakwe, karata za kijana huyu zimepunguzwa upande mmoja. Nimekata nguo miaka thelathini, unywele ukizidi mkono wangu unajua."

Mchumba akaziba mdomo, macho yakamjaa machozi. Vidole akauokota mkono wa koti, akajaribu kuurudisha begani. Iliuma, isikieni tu.

"Mhandisi," akasema mzee, "hebu lete hizo karata nizipapase."

Vidole akautazama mlango. Ulikuwa wazi, hatua tano tu. Akainuka nusu, akasikia kitu kikiachia nyuma ya paja, akakaa tena taratibu. Suruali nayo ilitoka kwa fundi yuleyule.