Ushoroba Wangu wa Kimataifa, Hapa Changamwe

Jumatatu, 5 Mei
Mwanangu Nyale, karani wa mizigo bandarini, kanisomea gazeti nikikanda unga. Eti nchi zisizo na bahari zitaneemeka zikifunguliwa ushoroba wa kufikia bandari. Ushoroba! Si ninao ubavuni mwa nyumba? Nimeuziba kwa makuti tangu nigombane na Pascalia wa nyumba ya nyuma. Ndiyo maana madereva wa malori ya Uganda hawanunui mahamri yangu! Nimewaambia wanakwaya: kabla ya Pentekoste yataliwa Kampala.

Jumanne, 6 Mei
Makuti nimeng'oa. Meza ya mahamri iko mlangoni pa ushoroba. Pascalia kaja kunishukuru. Maskini, alikuwa akizunguka mtaroni na sufuria zake. Hajui biashara.
Katika mvuke wa mafuta nimeona kikapu changu kinavuka mpaka wa Malaba, polepole, kinaelea kwenye ukungu wa milima. Mama mmoja anakifunua, ananusa iliki, anauliza aliyeyapika mahamri haya ni nani.

Alhamisi, 8 Mei
Dereva Gershom kaniamkia kwa adabu. Kauliza kama hii ndiyo njia ya kwenda kwa chapati za Pascalia. Kapita. Wenzake kumi na mmoja nyuma yake. Mahamri yamelala.
Nyale kacheka mpaka kakaa chini. "Mama, wewe ni bandari. Pascalia ndiye nchi isiyo na bahari, na njia umemfungulia wewe."
Bandari, mimi! Aliendelea kusema, sikusikia.

Ijumaa, 9 Mei
Bandari hukagua. Nimefunga kamba. Kila dereva asimame, ataje jina, kwao, watoto wangapi, amebeba nini. Gershom alibeba chapati. Nimekagua moja. Nimekagua na ya pili. Laini, sikatai.

Jumapili, 11 Mei
Madereva hawaonekani! Jirani Mwarandu kabomoa banda la kuku, kafungua njia yake mpaka kwa Pascalia. Haina kamba wala maswali. Nyale asema ndivyo ilivyo duniani, mzigo hufuata wepesi. Nifungue kamba, niuze chai ya kuteremshia chapati. Kasoma sana mwanangu, lakini ushauri wake wa kitoto.
Ila kuna neno limemponyoka: huko bara wanazo bandari kavu, mizigo hupakuliwa mbali na bahari.
Kavu! Kumbe ubaya ni matope! Tangu tutoke kanisani nakwangua uwanja, namwaga mchanga, nafunika turubai. Kwa Mwarandu maji ya mvua yamesimama. Watarudi wenyewe.