Bakteria Wako Wamenishinda Mdomoni

Mheshimiwa Daktari wa Meno,

Nakusalimu kwa kalamu, maana kwa mdomo huu salamu yenyewe inauma. Mimi ni yule mwonjaji wa kiwanda cha chai mwenye vidonda vya mdomo visivyokwisha. Nilikuja kwako kutafuta dawa ya kuua vijidudu. Wewe, bila haya, ukanipa kopo la vidonge vyenye bakteria hai. Ukasema hao ni bakteria rafiki, eti wataiamsha kinga ya mwili na mate yangu yatajaa askari wa kulinda mdomo. Nimevumilia vya kutosha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Rafiki gani anayeletwa nyumbani kwa mtu na daktari? Mdomo huu ndio unaolisha familia yangu. Wewe ulimi ukifa ganzi, utaendelea kung'oa meno ya watu. Mimi nitapelekwa bohari kubeba magunia, na meneja ameshaanza kuniulizia hali ya mgongo.

2. Hao askari sijawaona. Vidonda viko palepale, na kimoja kimehamia chini ya ulimi, kimejenga kabisa. Ama askari wako wamelala, ama wanakula sahani moja na adui.

3. Usithubutu kusema sikutumia dawa ipasavyo. Nimeitumia kitaalamu kuliko ilivyostahili. Kila asubuhi, kwenye meza ya kuonjea, naweka kidonge ulimini, nakifyonza kwa kishindo, nakizungusha shavu hadi shavu, nakitolea hukumu, kisha natema kwenye ndoo. Hukumu yenyewe: utamu wa kijinga, nguvu hakuna, harufu ya maziwa yaliyosahauliwa. Chai ya namna hiyo tunairudisha shambani.

4. Juzi, kwa sababu yako, nilisifia chai mbovu mbele ya wanunuzi. Meneja akaonja, akanitazama, akasukuma kikombe pembeni. Afadhali angenitukana. Nilirudi nyumbani nikamdanganya mama watoto kwamba nina mafua, nikalala nimegeukia ukutani. Naogopa, Daktari. Kazi nyingine siijui.

5. Kwa hiyo nadai bakteria wako uwaondoe mdomoni mwangu, wote na jamaa zao. Wakigoma, njoo uonje chai, nami nikae kwenye kiti chako niwagawie wagonjwa wadudu. Sioni kama kazi hiyo inahitaji shule. Na kibao cha "Daktari" mlangoni kishushwe, kiandikwe "Mfugaji".

Nisalimie nesi wako, mlinzi wa getini, na wote wanaosubiri kwenye benchi. Waambie wakimbie wangali na fizi.

Ni mimi, kwa uchungu wa kweli,
Mwonjaji Mkuu (mpaka sasa)

Nyongeza: Nimempa mama watoto barua hii aipitie. Alipofika namba tatu alikaa chini, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaniuliza, dawa ya kumung'unya taratibu mpaka iishe, naitemaje? Nimemjibu kwamba tangu niingie kiwandani sijui namna nyingine ya kutia kitu mdomoni. Anasema basi ile ndoo ndiyo yenye kinga kali kuliko sisi sote. Amenishika taya kama mtoto, amenitia kidonge, ameniamuru nifunge mdomo. Naandika haya nikiwa nacho mdomoni. Ndicho kilichokuwa cha mwisho, kwa hiyo niwekee kopo lingine, nitapita kesho. Barua naituma tu kwa kuwa stempu nimeshaibandika.